Kompyuta ya kawaida ndani ya mtambo: hesabu ya Bangboka

Mashine ya kukagulia mizigo kwenye kiwanja cha ndege, ukiitazama kwa nje, ni handaki fupi la chuma lenye mkanda unaotembea. Ukifungua mlango wake wa ubavuni, mbali na sehemu ya eksirei, mara nyingi utakuta vitu ambavyo kijana yeyote mwenye meza ya ufundi pale Makiso, katikati ya Kisangani, anavijua kwa majina: mazabodi, prosesa ya ukoo wa Intel, RAM, diski, pawa saplai na feni. Aghalabu ndivyo ilivyo kwa rekoda inayohifadhi mazungumzo ya mnara na marubani, kwa terminali inayopokea taarifa za safari, kwa skrini inayomwonyesha mwongoza ndege kasi ya upepo, na kwa dawati la uhamiaji. Abiria anayesubiri kuondoka amezungukwa na kompyuta asizozitambua kuwa ni kompyuta.

Kiwanja cha Bangboka kipo kilomita 17 hivi mashariki mwa mji. Kina njia ya kurukia ya mita 3,500, na ndicho kilichopokea safari kubwa kutoka kiwanja cha zamani cha Simisimi, upande wa magharibi. Kinaendeshwa na RVA, shirika la umma ambalo tangu 2009 hutoza abiria ada ya Go-Pass kwa ajili ya kukarabati viwanja vya nchi. Kwa hiyo swali la mitambo ya mahali kama hapa ijengwe juu ya kompyuta ya aina gani linahusu fedha za abiria, na wakati mwingine linahusu uhai wao. Kuna njia tatu: kompyuta ya ukoo wa PC, kidhibiti maalumu cha kiwandani, au bodi ndogo za bei rahisi ambazo zimejaa sokoni siku hizi. Msimamo wangu ni kwamba faida kubwa ya PC kwa Kisangani ni kuwa ufundi wake umekwisha kuota mizizi mjini. Faida hiyo hupotea pale mnunuzi anapodhani kwamba kila kinachoendesha programu ileile kitavumilia kazi ileile.

Ukoo wa PC ulizaliwa tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotangaza modeli 5150 yenye prosesa ya Intel 8088 na mwendo wa megahezi 4.77. Kilichoamua historia ni kwamba IBM iliuza kitabu chenye michoro ya saketi na hata maandishi kamili ya BIOS, programu ya kuiwasha mashine, tena ikaacha nafasi wazi za kuchomeka kadi za watengenezaji wengine. Compaq na wenzake wakaunda mashine zilizopatana nayo. Wahandisi wa viwandani, ambao hadi wakati huo mara nyingi walilazimika kubuni kompyuta upya kwa kila mtambo, wakakuta bodi ipo, kompaila ipo, kadi za vipimo zipo, na wanafunzi wanaotoka vyuoni wanaijua mashine hiyo kabla ya kuajiriwa. Katikati ya miaka ya 1980 IBM yenyewe ilitoa toleo la kiwandani.

Ila kadi ya PC husimama wima kwenye mfereji wake kwa ukingo tu, na mtetemo wa mtambo huilegeza. Mwaka 1987 kampuni ya Ampro ya California ilikuja na jibu: bodi za milimita 90 kwa 96, zinazopangwa moja juu ya nyingine kwa pini 104 zinazopenya na kushika. Mwaka 1992 likaundwa shirika la kusimamia kiwango hicho, kwa jina la PC/104. Ndani ya bodi hiyo yenye ukubwa wa kiganja kulikuwa na PC kamili. Baadaye, mwaka 2001, VIA ya Taiwan ilileta Mini-ITX, mazabodi ya sentimita 17 kila upande, na matoleo yake mengine hayakuhitaji feni. Hapo PC ilizidi kuingia kwenye masanduku ya barabarani, kwenye mashine za kuuzia tiketi na kwenye vituo vya mawasiliano vijijini.

Sisi tunajua kilichofuata huku kwetu. Mnamo 2005 shirika la Inveneo lilifunga vituo vya mawasiliano katika vijiji vya magharibi mwa Uganda: kompyuta za ukoo wa PC zenye matumizi madogo ya umeme, za volti 12, zikiendeshwa kwa paneli za jua na betri. Jijini Nairobi, Erik Hersman na wenzake waliotoka shirika la Ushahidi walianzisha kampuni ya BRCK mwaka 2013. Kifaa chao cha baadaye, SupaBRCK, kilitumia prosesa ya Intel na kikapandishwa kwenye matatu ili abiria wapate intaneti na filamu zilizohifadhiwa ndani. Matatu ni maabara kali kuliko nyingi: vumbi, mashimo, volti inayopanda na kushuka kila dereva anapowasha injini. Waliochagua prosesa ya ukoo wa PC kwa kazi hiyo hawakuichagua kwa mazoea ya ofisini.

Nirudi Bangboka, nianze na umeme, kwa sababu huko ndiko kompyuta nyingi hufia. Kisangani hutegemea kituo cha mto Tshopo kilichojengwa miaka ya 1950, chenye mitambo mitatu ambayo kwa pamoja haifiki megawati 20. Mji umekua mara nyingi tangu wakati huo. Mtambo mmoja ukisimama kwa matengenezo, mitaa hugawiwa giza kwa zamu, na kila taasisi isiyoweza kusubiri huwasha jenereta. Kiwanja cha ndege hakiwezi kusubiri.

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huruhusu hadi sekunde 15 kwa taa za njia ya kurukia kupata umeme wa akiba pale ndege inapotua kwa mwongozo wa vyombo vya daraja la kwanza. Taa ikizimika kwa sekunde 15 kisha ikawaka, imewaka. Kompyuta haiko hivyo. Pawa saplai ya kawaida ya ATX huishikilia mashine kwa milisekunde 16 hivi baada ya umeme kukatika, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Baada ya hapo mashine imekufa ikiwa katikati ya kuandika faili. Jenereta ikishika, taa zinarudi zenyewe, lakini kompyuta inaanza kukagua diski, au inasimama ikidai kibonyezo cha F1 kwenye kibodi ambayo haipo, au haiwaki kabisa.

Hilo la kutowaka kabisa lina historia yake. PC za zamani za mtindo wa AT zilikuwa na swichi halisi ya umeme: ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi na mashine inarudi. ATX, iliyokuja mwaka 1995, iligeuza swichi kuwa kitufe kinachoiomba mazabodi iwake. Umeme ukikatika na kurudi, mazabodi nyingi za ofisini hubaki zimelala mpaka mtu abonyeze kitufe. Ndani ya BIOS upo mpangilio wa kuiambia iwake yenyewe, na fundi mwangalifu huuweka siku ya kwanza. Lakini mpangilio huo hutunzwa kwa msaada wa betri ndogo ya mviringo, CR2032 ya volti 3. Katika mashine isiyozimwa betri hiyo hudumu miaka mingi. Katika mashine inayokatiwa umeme kila siku huisha mapema, na ikiisha, katika bodi nyingi mpangilio hupotea pamoja na saa. Betri inayouzwa kwenye duka la saa za mkononi inaweza kuulaza mtambo wa maelfu ya dola, na mtu akaagiza mazabodi mpya bila sababu.

Saa nayo si jambo dogo kiwanjani. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Boeing 727 ya Hewa Bora, iliyotoka Kinshasa na watu 118, ilianguka ikijaribu kutua Bangboka katika mvua kubwa. Zaidi ya 70 walifariki. Siitaji ajali hiyo ili kuilaumu kompyuta yoyote. Naitaja kwa sababu baada ya msiba kama huo wachunguzi hulinganisha dakika kwa dakika, hata sekunde kwa sekunde: mnara ulisema nini, upepo ulipimwa lini, rubani alijibu lini. Rekoda iliyorudi kwenye mwaka wa kiwandani kwa sababu ya betri ya saa imeandika sauti na kupoteza ushahidi. Kwa waliofiwa, tofauti hiyo ni kubwa.

Kompyuta ya kazi, ile inayoitwa ya kiwandani, hujibu matatizo haya moja baada ya jingine. Hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 9 hadi 36, kwa hiyo hukaa juu ya betri bila inverta katikati. Huwaka yenyewe umeme unaporudi. Ina kipima uhai, yaani saketi inayosubiri programu iigonge kila baada ya sekunde chache. Programu ikiganda, saketi huiwasha mashine upya bila kumwamsha mtu. Haina feni. Na matumizi yake ni madogo, jambo ambalo wanunuzi wetu hulipuuza mno. Chukua kompyuta ya mezani inayokula wati 80: kwa saa 24 ni wati-saa 1,920. Sanduku lisilo na feni linalokula wati 12 linahitaji 288. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife upesi, inakupa wati-saa 600. Ya kwanza itakaa saa saba na nusu, ya pili siku mbili na ziada. Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili humezwa na betri, paneli na mafuta ya jenereta kabla mashine haijazeeka.

Baada ya umeme ni unyevu. Kisangani ipo karibu kabisa na ikweta, ndani ya msitu, na hupata mvua ya milimita 1,700 na kuendelea kwa mwaka. Joto lenyewe si la kutisha, wastani wa nyuzi 25. Ila hewa imejaa maji, na feni ya kompyuta ya ofisini kazi yake ni kuivuta hewa hiyo pamoja na vumbi jekundu na kuipitisha juu ya saketi mchana kutwa. Vumbi likilowa huanza kupitisha umeme, na miguu ya chipu huota kutu ya kijani. Bodi ya kazi hupakwa vanishi maalumu, na chipu zake huchaguliwa za kiwango cha nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu, kulinganisha na sifuri hadi 70 za kawaida. Kisha ipo radi: bonde la Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani, na waya mrefu wa siriali kutoka kipima upepo kilichosimama kando ya njia hadi mnarani ni mwaliko wake. Hapo hakuna bodi, ya bei yoyote, itakayopona bila kizuia radi na kitenganishi cha mwanga kwenye waya huo.

Kuhusu diski nitasema machache. Usiweke diski inayozunguka. Weka SSD au kadi ya daraja la kiwandani, na uipange programu isome tu bila kuandika, isipokuwa kwenye sehemu moja iliyotengwa kwa kumbukumbu. Kwenye Linux jambo hili halichukui hata siku moja ya kazi, na huondoa karibu maradhi yote ya umeme kukatika ghafla.

Sasa nije kwenye mpaka ambao PC haipaswi kuuvuka. PC ni hodari wa kuonyesha, kuhifadhi, kuhesabu na kuzungumza na mitandao. Si hodari wa kuahidi kwamba kitu fulani kitatokea ndani ya milisekunde moja kila mara, bila kukosa. Zamani, chini ya DOS, programu moja ilimiliki mashine nzima na iliweza kuahidi. Chini ya Windows prosesa ina waombaji wengi, na jibu linaweza kuchelewa wakati wowote. Linux imepiga hatua: mwaka 2024 sehemu iliyobaki ya marekebisho ya PREEMPT_RT, yaliyofanyiwa kazi kwa karibu miaka 20, iliingizwa kwenye kiini chake rasmi. Hata hivyo kudhibiti mwendo wa tabo la umeme, au vali ya mvuke, ni kazi ya PLC, kile kidhibiti maalumu cha kiwandani ambacho mafundi wa Kongo hukiita otomati. Siemens ilileta S7-300 katikati ya miaka ya 1990 na kuiuza hadi 2023. Hakuna mazabodi ya ofisini itakayouzwa kwa karibu miaka 30. Modeli nyingi hutoweka sokoni ndani ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba kila kitu kiwe PLC. Sikubaliani nao. PLC hupangwa kwa programu ya leseni ya mtengenezaji, na programu hiyo huendeshwa kwenye PC. Mwenye otomati ya kizazi cha kabla ya S7 leo anahitaji kompyuta ya zamani yenye poti ya siriali na mfumo endeshi wa zamani ili tu aweze kuzungumza nayo. Mtaalamu wa kuipanga anaweza kuwa Kinshasa au Johannesburg, na anakuja kwa ndege. Ukishuka hadi chini kabisa, PLC nayo huitegemea PC. Mpangilio wenye busara ni ule ambao viwanda vingi vimeufikia: PLC au kidhibiti kidogo chini, karibu na mota na vali, na PC juu yake, ikionyesha na kuandika, kwa namna ambayo PC ikifa mtambo unaendelea au unasimama salama.

Bodi ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 35, zinavutia, na vijana wanazipenda kwa haki. Kwa kufundishia na kwa kupima unyevu wa bustani sina neno. Lakini hazimo katika ukoo wa PC: hazina BIOS, kila bodi ina namna yake ya kuwaka, na kwa kawaida huanzia kwenye kadi ya SD ambayo umeme wa Kisangani utaiharibu. Ikifa, huwezi kuhamishia diski yake kwenye mashine nyingine iliyopo mjini ukaendelea. PC huruhusu hilo mara nyingi, na ukifanya kazi mahali ambapo kipuri kiko wiki kadhaa mbali, ruhusa hiyo ina thamani kuliko mwendo wa prosesa.

Kipuri kiko mbali kweli. Kwa mto kutoka Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1,700, na boti huhesabu safari kwa wiki. Kwa barabara vitu huja kutoka Kampala kupitia Ituri, kwa kadiri mvua na usalama vinavyoruhusu. Kwa hewa hutua Bangboka penyewe, kwa bei ya hewa. Kwa hiyo pawa saplai, RAM, diski na kibodi ambazo tayari ziko madukani Makiso, hata za mtumba, ni sehemu ya mtambo kana kwamba zilinunuliwa pamoja nao. Hapo ndipo kupatana kunapolipa. Na hapo hapo ndipo penye mtego: msambazaji anaweza kuleta sanduku la ukoo wa PC lenye mazabodi ya umbo lake pekee, pawa saplai yenye plagi yake pekee, na BIOS iliyofungwa kwa neno la siri. Kwa programu linapatana. Kwa fundi halipatani na chochote. Mashine za kupigia kura zilitufundisha kitu cha jamaa hii. Mwaka 2018 tume ya uchaguzi ya Kongo ilileta zaidi ya 100,000 kutoka Miru Systems ya Korea Kusini, na Desemba 2023 nyingi zilirudishwa kazini baada ya miaka mitano. Miongoni mwa malalamiko ya siku ya kura yalikuwa betri kuisha na mashine kugoma. Kifaa maalumu huzeeka ghalani, na hakuna duka la mtaani lenye betri yake.

Programu nazo huzeeka, na ndiyo sehemu ambayo nchi tajiri hazijaimaliza. Tarehe 7 Novemba 2015, siku ya ukungu, safari zilisimama kwa muda katika kiwanja cha Orly, Paris. Mfumo uitwao DECOR, unaowapa waongoza ndege taarifa za hali ya hewa kwa ajili ya marubani, ulikuwa umeanguka, na uliendeshwa kwa Windows 3.1, ya mwaka 1992. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi alieleza wakati huo kwamba waliobaki wakiujua vizuri walikuwa watatu tu. Mfumo ulikuwa unaishiwa na watu. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, Windows 10 ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya eksirei hutarajiwa kufanya kazi miaka 10 au 15. Yapo matoleo ya Windows kwa ajili ya mitambo yenye miaka 10 ya marekebisho, na ni haya ya kuulizia kabla ya kulipa.

Wengine husema mashine zetu haziko kwenye intaneti, kwa hiyo haziogopi virusi. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran isiyounganishwa na intaneti, kupitia kompyuta za Windows zilizotumika kuzipanga PLC, na flashi ndizo zilizoibeba. Kisangani flashi hutembea mfukoni kutoka studio ya muziki hadi ofisi ya serikali. Tundu la USB kwenye mashine ya kiwanjani lizibwe ndani ya BIOS, na flashi moja tu, inayokaa kwenye droo yenye ufunguo, iruhusiwe kwa kazi ya matengenezo.

Mkataba wa kununua mtambo wowote wenye PC ndani yake kwa ajili ya Bangboka ungepaswa kutaja haya kwa maandishi: umbo la mazabodi ni la kiwango kinachojulikana na chipu zake zimeahidiwa kuuzwa kwa miaka isiyopungua saba, umeme ni wa volti 24 moja kwa moja, BIOS haina neno la siri ambalo RVA hailijui, nakala kamili ya diski inaachwa kiwanjani, mbili, kwenye SSD zilizojaribiwa kuwaka mbele ya mpokeaji, mashine nzima ya akiba inakuja kwenye kreti hilohilo, na mafundi wawili wa mjini, si wa Kinshasa, wanaifungua na kuifunga siku ya makabidhiano mpaka iwake mikononi mwao. Vijana wa aina hiyo wapo, wengine wamepita Chuo Kikuu cha Kisangani, wengine wamejifunzia mezani, na kwa sasa kazi yao kubwa ni kupiga Windows kwenye laptopu za wanafunzi.